Nilihukumu Sahani ya Mama kwa Macho Tu



Katika namba iliyopita mlisoma mistari minne chini ya kichwa "Ushauri wa Mlaji". Mistari ile haikuwa na jina. Mwenye kuiandika ni mimi. Leo nimeomba nafasi kubwa zaidi, kwani mistari minne inatosha kuharibu jina la mtu, lakini kulitengeneza kunaomba karatasi nzima.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mtu wa kupenda kula. Wanaokaa nami kwenye banki moja wanajua. Franga ya kupanda pikipiki ambayo baba ananipa, mara nyingi inaishia kinywani, kiisha narudi nyumbani kwa miguu. Ndiyo maana nilijiona fundi wa chakula cha mji huu wa Kolwezi, na ni kweli sehemu nyingi nimezionja.

Nianze na bulangeri. Mapema sana, kabla jua kutoka, mama wauzaji wamekwisha kusimama mlangoni na mabeseni yao. Wananunua mikate kwa jumla, wanaifunika na kitambaa, wanaenda kuiuza Manika, Dilala, Kanina na kwingine. Mkate ukiwa moto unakula hivihivi, bila siagi, bila chai. Ukifika saa nane ya mchana ni upepo tu ndani. Na sababu iko. Ngano siyo kilimo chetu, unga wake unatoka mbali na unalipwa kwa dola. Dola ikipanda, mwenye tanuru anaogopa kupandisha bei, basi anapunguza mkate. Bei inabaki ileile, mkate unakonda.

Kuna bitumbula vya asubuhi, ambavyo kwangu mimi vinashinda mkate, mradi mafuta yasiwe ya juzi. Kuna kikanda, ambayo ndugu zetu wa Zambia wanaiita chikanda: mizizi ya ua la pori, inasagwa, inapikwa pamoja na karanga na pilipili mpaka inakamata, kiisha inakatwa vipande kama keki. Mtu anayeila mara ya kwanza atadhani ni nyama. Wale wanaoichimba wanang'oa mmea wote, kwa hiyo kila mwaka inabidi kuitafuta mbali zaidi. Kuna michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, inakatwa mbele ya macho yako na kufungwa katika karatasi pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili. Hiyo ni ya mwisho wa mwezi, na ni ya baba, mtoto anangojea kipande chake.

Halafu kuna malewa, mabanda ya bukari. Ukipita Kasulo, ao kwenye njia ya Musompo wanakouzia madini, utaona wachimbaji wanakula kabla ya kushuka katika mashimo. Sahani ni bukari, sombe, na maharagwe ao ndakala. Mwenye franga anaongeza chinchard, yule samaki wa bahari anayeletwa mingi kutoka Namibia. Unga wa mahindi nao mwingi unatoka Zambia. Kule wakizuia mahindi yao kutoka, donge la bukari hapa linapungua siku ileile, na hakuna mama anayeweza kufanya namna nyingine.

Mwisho kuna restora za vioo. Tangu dunia ilipoanza kutafuta kobalti kwa ajili ya betri za simu na za magari, na tangu Kolwezi kuwa mji mkuu wa Jimbo la Lualaba mwaka 2015, zimeongezeka: za Wachina, za Walibano, za Wahindi. Bei iko kwa dola. Mimi nimeingia mara moja tu, na mjomba. Niliogopa hata kuomba maji.

Basi kutokana na kutembeatembea kule nilijitungia imani moja: palipo na kioo ni pasafi, palipo na vumbi ni pachafu. Sisi tuliokomalia katika mji uliozungukwa na mashimo, Musonoi, Kamoto, Mashamba, tunajua vumbi. Wakati wa kiangazi linaingia hata katika daftari. Nikaona mtu anayepikia nje, chini ya mwembe, ng'ambo ya ua wa masomo yetu, hawezi kuwa msafi. Lakini nilikuwa nakula kwake kila siku, sababu sahani yake ilikuwa ya bei yangu.

Sasa ndio jambo lenyewe.

Siku ya Ijumaa moja, saa sita ya mchana, tulikula kwa yule mama, wanafunzi tisa: bukari na maharagwe. Saa tisa watatu kati yetu tukapita mjini. Tuliingia katika bulangeri moja yenye vioo vikubwa, tukanunua mkate uliopasuliwa katikati, wenye nyama na mayonezi. Ulikuwa umepangwa vizuri dirishani, jua likiupiga. Tulikula tukitembea, tukijiona wakubwa.

Saa moja ya usiku tumbo lilianza kunikata. Sitaeleza yote, mama yangu anasoma buletini hii. Nilitapika mpaka hakukubaki kitu. Siku ya Posho kutwa sikuinuka. Jumatatu nikakuta wenzangu wawili nao walikuwa vilevile.

Sikufikiri hata dakika moja. Nilisema: "Ni yale maharagwe." Nikachukua kalamu nikaandika mistari minne, kwamba wanafunzi wasile tena chini ya mwembe, kwamba pale pana uchafu na tayari watatu wamegonjwa. Jina la mama sikuliandika. Lakini mwembe ng'ambo ya masomo ni mmoja tu.

Buletini ilitoka siku ya Kazi ya Tatu. Siku ya Kazi ya Tano, saa sita, nilipita pale. Sufuria ilikuwa imejaa, na mama alikuwa amekaa peke yake akifukuza inzi na kitambaa. Nilijisikia mtu mwenye nguvu. Ni haya kubwa kwangu kuliandika neno hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Juma la pili hakuwasha moto.

Juma la tatu, asubuhi, Bwana Prefe alipita darasa kwa darasa na orodha ya wale ambao hawajalipa minerval. Katika mwaka wa pili msichana mmoja alisimama, akakusanya vitabu vyake, akatoka. Sikumfahamu. Mwenzangu akaninong'oneza: "Yule njo mutoto ya mama ya maharagwe."

Tokea saa ile sikusikia tena somo.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa biolojia nikamwambia yote. Nilidhani atanigombeza. Badala yake alichukua chaki akachora ubaoni nguzo nne: nani, alikula nini, saa ngapi, aligonjwa ao hapana. Akatuita wote tisa. Tulipojaza, hata mtoto wa darasa la kwanza angeona. Wote tisa walikula maharagwe, na sita hawakuumwa hata kidogo. Watatu walikula mkate wenye nyama, na wote watatu waligonjwa. Halafu kijana mmoja wa mwaka wa nne, ambaye siku ile hakukanyaga chini ya mwembe, akasema yeye pia alinunua mkate ule kule mjini, na usiku alitapika.

Mwalimu akaturudisha katika somo ambalo mimi nilikuwa nimelisikia nusu. Mwaka 1854 kolera iliua watu wengi katika mtaa mmoja wa London. Wakubwa wa wakati ule walisema ugonjwa unatoka katika hewa mbaya, yaani katika harufu. Daktari John Snow hakuhukumu kwa pua. Aliuliza nyumba kwa nyumba ni nani aliyekufa na alikuwa anakunywa maji ya wapi, akayaweka yote juu ya ramani. Wengi walikuwa wanateka katika pompi moja ya Broad Street. Mpini wa pompi ukaondolewa. "Wewe," mwalimu akaniambia, "ulihukumu kama wale wa hewa mbaya. Uliona vumbi, ukamaliza."

Akatueleza kwamba maharagwe yaliyochemka saa tatu na kupakuliwa juu ya moto si mahali pazuri kwa mikrobi. Lakini nyama na mayai yaliyokaa saa nyingi katika joto la dirisha, hapo mikrobi zinazaana, na mara nyingi hakuna harufu wala rangi ya kukuonya. Akatuonya pia tusikimbilie upande mwingine: haina maana bulangeri zote ni mbaya. Mkate mtupu haukuwa na neno. Ubaya ulikuwa katika kile kilichowekwa katikati na katika saa ulizokaa.

Siku ya Posho nilimtafuta yule mama nyumbani kwake. Alikuwa anachagua maharagwe katika lungo.

"Yambo, mama."

"Yambo, mwanangu. Karibu, ikala."

"Mama, niko na maneno. Ile karatasi ya masomo, miye njo niliandika."

Hakuinua macho. Aliendelea kutupa vijiwe kimoja kimoja. Kiisha akasema: "Nilijua ni mutoto ya pale. Shikujua ni weye. Weye ulikuwa unakulaka kwangu kila siku."

Nikamweleza habari ya ubao na ya mkate. Nikaomba musamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Lakini ile karatasi yako ilisomwa na masomo yote. Sasa musamaha unaniletea hapa, shiye babili. Hii nani ataisoma?"

Nilikosa jibu. Niliinuka nitoke. Akaniita tena, na mimi mlaji nilidhani labda atanipa sahani. Alinipa bido mbili. "Leta maji."

Pompi ilikuwa mbali kidogo, na kulikuwa mstari mrefu, na kila bido inalipiwa. Niliporudi, mabega yakiniuma, nilimuuliza kwa siku ya kazi anatumia bido ngapi. Akasema tano: mbili za kupika na kunywa, tatu za kunawisha mikono na kuosha sahani. Bido tatu za kuosha! Miezi yote niliyokula kwake nilinawa kabla na nyuma ya kula, na sikuuliza yale maji yametoka wapi, ao nani ameyalipa. Usafi ule ulikuwa ndani ya bei ya sahani, nami niliuita uchafu.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, ninayaondoa maneno yangu ya namba iliyopita. Hayakuwa kweli. Maharagwe ya mama wa mwembe hayakumgonjesha mtu. Na kwa kuwa nilijiita mshauri, naomba niweke ushauri mwingine pahali pa ule, ambao umepita kwanza machoni pa mwalimu.

Tazama moto kabla ya kutazama ukuta. Chakula kinachotoka jikoni kikichemka ni kizuri kuliko kilichopangwa tangu asubuhi, hata kikiwa nyuma ya kioo.

Tazama maji. Kuna maji ya kunawa? Na sabuni? Mwenye kuyaweka anatoa franga yake juu yako.

Uliza saa. Mkate wa asubuhi ule asubuhi. Chenye nyama, mayai ao mayonezi, kama hakikukaa katika frigo, kiache.

Tazama mafuta ya bitumbula. Yakiwa meusi na yanatoa moshi, pita.

Na la mwisho: kama umegonjwa, usitafute kwanza yule aliye masikini kupita wote. Andika yote uliyokula, uliza waliokula nawe, halafu ndipo useme.

Mtaniuliza mambo yameisha namna gani. Yule msichana alirudi masomoni nyuma ya majuma mawili, mjomba wake alisaidia. Interro tatu zimempita. Walimu wawili wamekubali kumpa nyingine, mmoja bado anafikiri. Mama amewasha moto tena, lakini jana nilihesabu walaji kumi na mmoja, na zamani walipita thelathini. Wengine nikiwaambia kwamba maneno yale yalikuwa uongo, wananijibu: "Lakini iliandikwa." Wanasahau kwamba aliyeandika ni huyu anayesema nao.

Yuko palepale chini ya mwembe, tangu saa tano na nusu. Maharagwe ni ya Kazi ya Kwanza, ya Tatu na ya Tano; siku zingine ni sombe na ndakala. Njooni na franga mkononi, hatoi deni. Bido mbili za kwanza za asubuhi ninazileta mimi, mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Hakuniomba. Lakini nilipozileta mara ya kwanza hakukataa.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano