Alama ya Vema

Kwaresima ile nilijiwekea sheria: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kusoma sura moja ya Injili, kusali, ndipo niguse riwaya yangu. Nikachora vyumba 40 daftarini, kila siku nitie vema. (Jumapili hazihesabiwi, kwa hiyo kulala nako nilikuwa nako, tena kihalali.)

Siku kumi sikukosa. Nikaanza kuwatazama wenzangu wa chumbani wanavyokoroma, nikawahurumia, mimi mtakatifu! Siku ya kumi na moja usingizi ukanibwaga. Nimeamka, jua hilo dirishani. Nikachukua kalamu, nikatia vema.

Sasa ndugu msomaji, nilikuwa namdanganya nani? Daftari lenyewe tulilisoma wawili tu, mimi na Yeye.

Nikamkumbuka John Wesley. Pale Oxford, miaka ya 1730, yeye na wenzake walifunga, walitembelea wafungwa, hata saa zao waliziandika zimetumikaje. Lakini joto la imani, kwa maneno yake mwenyewe, alilihisi moyoni tarehe 24 Mei 1738, jioni, London, akiwa amekaa tu anasikiliza mtu akisoma. Mimi ningesema basi, kumbe kuamka kote kule kazi bure, nilale. Yeye aliendelea kuamka alfajiri mpaka uzeeni.

Usiku nikaifuta ile vema. Wino haufutiki kirahisi, karatasi ikatoboka. Kesho yake niliamka saa kumi na moja na nusu, nimechelewa, sura nikaisoma nusu. Sikutia alama yoyote.