Mjusi Aliyezaa na Kalamu Nyekundu

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana wa Kiswahili hapa Nansio, nilisahihisha insha ya msichana wa kidato cha pili. Alieleza alivyokwenda na bibi yake kukata nyasi za kuezekea kando ya kinamasi, akamwona mjusi mrefu "akizaa watoto watatu". Nilikata neno "akizaa", nikaandika juu yake "akitaga", na pembeni: "Mnyama wa yai hazai." Nikampunguzia alama mbili.

Alinifuata mezani. "Shikamoo, Mwalimu. Niliwaona wakitambaa."

Nikamjibu kuwa lugha ina kanuni zake. Akaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," akarudi kwenye dawati lake. Insha zake zilizofuata zote zilihusu mambo ya vitabuni, nami nilizisifu.

Mwaka huu, tukisubiri meli ya kwenda Mwanza, nilimsimulia kisa hiki mstaafu mwenzangu aliyefundisha biolojia. Alitabasamu, akaniambia kuwa mijusi wengi hutaga, lakini wako wanaozaa. Akanitajia mmoja, Eumecia anchietae, aliyeelezwa kitaalamu na Bocage wa Ureno mwaka 1870. Huishi katika nyasi na mahali penye unyevu, kuanzia Angola na Zambia hadi Tanzania na magharibi mwa Kenya. Mwili wake ni mrefu kama wa nyoka, vijiguu vyake vidogo mno. Yai lake ni dogo sana, kiini chake hakitoshi kumkuza mtoto. Chakula hutoka kwa mama, kupitia kondo la nyuma.

Kondo la nyuma! Neno nililolijua la wodini na zizini, kumbe lina nafasi hata kinamasini.

Ndugu wasomaji, Kiswahili hakikukosea. Waliotenga "taga" na "zaa" walimtazama kwanza kuku, wakamtazama mbuzi, ndipo wakanena. Msichana yule alifuata njia hiyohiyo: alitazama, akachagua neno lililofaa. Mimi, ambaye sikuwapo kinamasini, nilimsahihisha shahidi.

Sisi watunzi hupenda kubishana juu ya vina na mizani, na ni vyema. Ila kabla sijamkosoa mtunzi chipukizi siku hizi, humuuliza: "Uliona nini?" Swali hilo nilipaswa kuliuliza siku ile. Alama zake mbili bado ninadaiwa.