Jani la Kwenye Mzani

Karema inanuka dagaa. Harufu inakupokea ukiwa bado mlimani, gari likianza kushuka, kabla hujaliona ziwa lenyewe. Chini unawakuta wameanikwa juu ya mchanga kwa upana wa viwanja viwili vya mpira, wanameta juani, na akina mama wanapita katikati na mafagio ya chelewa wakiwageuza. Mitumbwi imepandishwa ufukweni. Taa za kuvulia zimening'inizwa kwenye miti, vioo vyake vimeshika moshi. Mbele kidogo limesimama gati jipya la saruji, lililojengwa kwa matumaini ya mzigo wa Kongo. Asubuhi ile halikuwa na meli.

Chini ya mwembe alikaa mzee mmoja akishona wavu kwa sindano ya mti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nilimuuliza mpaka wa nchi uko wapi humu majini. Akaelekeza kidevu ng'ambo, ambako milima ya Kongo hujitokeza anga linapotakata.

"Katikati huko," akasema. "Ukiona boti ya doria ujue umeshaukaribia."

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Nchi nne zinachota maji yake: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Tatu za kwanza zinaikataza bangi moja kwa moja. Zambia ilipitisha sheria mbili mwaka 2021, moja ya bangi ya dawa na nyingine ya bangi ya viwandani, na sasa mwenye leseni anaweza kulima. Kuvuta bado ni kosa. Ukitoka Karema kwa boti ukashuka kusini, unapita Kirando, Kipili na Kasanga, halafu unaingia Mpulungu. Maji ni yale yale, migebuka na kuhe ni wale wale, lakini mche ambao huku unampeleka mtu gerezani, kule unaombewa leseni.

Karema inaijua mistari ya namna hii kuliko miji mingi. Wabelgiji walijenga boma hapa mwaka 1879, wakidhani wanajiwekea kituo chao cha kudumu. Mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe, kwa sababu wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa na ramani na mstari ukapita majini badala ya kupita nchi kavu. Laiti ungechorwa kilomita chache mashariki, mzee wa nyavu angekuwa anahesabu faranga. Boma lile lilijengwa jirani na maji. Ziwa likashuka, likasogea mbali na kuta. Leo unatembea kipande kizuri kutoka misheni hadi ufukweni, unapita mihogo na migomba mahali palipokuwa na mawimbi.

Marekani ndiko mistari imekuwa mingi kupita kiasi. California ilianza mwaka 1996, wapiga kura wakairuhusu bangi kwa wagonjwa. Novemba 2012 Colorado na Washington zikavuka hapo, mtu mzima yeyote akaruhusiwa kununua dukani na kukatiwa risiti yenye kodi. Kufikia mwisho wa 2023 majimbo ya namna hiyo yalikuwa 24. Serikali kuu yao, kwa sheria yake ya mwaka 1970, miaka yote hiyo ikaendelea kuiweka bangi kundi moja na heroini. Kwa hiyo aliyenunua kihalali Colorado akivuka kuingia Kansas anageuka mhalifu, na hakuna kilichobadilika zaidi ya kibao cha barabarani. Wala si kila jimbo linafuata mkumbo. Florida, ambako wagonjwa walishapewa ruhusa, ilipiga kura Novemba 2024 iwaruhusu na wazima. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 56, wakashindwa, kwa kuwa katiba ya jimbo inataka 60.

Sisi hatuna majimbo ya kujipigia kura. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, hautungi sheria ya jani lolote. Linalopitishwa Dodoma linashika Karema sawasawa na Tanga. Zanzibar ina Baraza lake na sheria yake ya dawa za kulevya, nayo inakataza vilevile. Wamewahi kusimama wabunge wakauliza kwa nini tusilime tukauza nje kama wanavyofanya baadhi ya majirani. Mjadala ukaishia humo humo ukumbini.

Nilipanda basi la mapema kwenda Mpanda. Barabara inaacha ziwa na kupanda, kona baada ya kona, udongo ukibadilika kutoka kijivu kuwa mwekundu. Halafu miombo inaanza na haiishi. Miyombo, mininga, mitundu, imesimama pande zote mbili na magome yaliyochunwa hapa na pale kwa ajili ya mizinga ya nyuki. Katikati ya pori unakutana na ng'ombe mia mbili wanavuka, na kijana wa Kisukuma nyuma yao, redio begani, fimbo mkononi, hana haraka hata kidogo. Dereva akazima injini akangoja. Vumbi likaingia ndani, likatukalia kwenye nyusi.

Karibu na Mpanda kuna kizuizi. Kamba imefungwa mti hadi mti, vitambaa vyekundu vinapepea. Mbele yetu lilikuwa limesimama lori la tumbaku, limejaa hadi juu ya keji, turubai limekazwa kwa kamba za katani. Dereva alishusha karatasi dirishani. Askari akaisoma, akageuza upande wa pili, akarudisha. Kamba ikalegezwa. Tumbaku ikaenda, harufu yake tamu ikabaki hewani.

Kwetu sisi kazi ilikuwa ndefu zaidi. Konda alifungua buti. "Gunia hili la nani?" Mama mmoja wa makamo akashuka taratibu, akajifunga kanga upya. Ni mpunga, akasema. Askari alikuwa na bambo, lile bomba la chuma lililochongwa ncha ambayo wafanyabiashara wa nafaka hutolea sampuli. Akachoma ubavu wa gunia, akachoma na chini, akainamisha. Punje zikateremka kwenye kiganja chake, kavu, za rangi ya mchanga. Akazinusa. Akachoma tena katikati. Zikatoka punje nyingine. Akamrudishia mama zile za kiganjani, naye akazitia kwenye pindo la kanga, hakuacha hata moja. Tulikaa pale muda ambao lori la tumbaku lilikuwa limeshafika mjini.

Mpanda ni mji mpana uliotandazwa chini, mabati mengi, maghorofa ya kuhesabika. Reli ndiyo iliyouleta hapa. Waingereza walivuta tawi kutoka Kaliua, kilomita 210 za msitu, kufuata madini ya risasi. Risasi ikaisha, reli ikabaki, na stesheni bado ina benchi ndefu za mbao zilizosuguliwa na makalio ya abiria wa miaka sabini. Siku hizi watu wanakuja kwa ajili ya dhahabu, mpunga, ng'ombe na tumbaku. Kina mama wanauza karanga za kuchemsha. Bodaboda wamejaa kila kona.

Kwenye kijiwe kimoja upande wa Makanyagio kulikuwa na meza ya sigara, zinauzwa mojamoja, na kiberiti kimefungwa kamba ili kisiondoke na mteja. Pakiti zimepangwa, kila moja na onyo lake kuhusu afya. Nilikuwa nakunywa kahawa pale upepo ulipoleta harufu nyingine kutoka nyuma ya uzio wa mabati, nzito, ya majani mabichi yaliyoungua. Hakuna aliyegeuka. Muuza sigara alipanga upya pakiti zake. Kijana wa bodaboda aliyekaa nami akanitazama, akatabasamu, akasema chini chini, "Hiyo bro hujaisikia." Baadaye kidogo akaongeza, bila kuulizwa, kwamba anamfahamu mtu aliyefungwa. Hakusema miaka mingapi.

Miaka inaweza kuwa mingi. Chini ya sheria ya mwaka 2015 na marekebisho yake, hukumu za kulima bangi zimefikia miaka 30. Nimeshakaa mahakamani, si hapa, nikasikia namba kama hiyo ikisomwa kwa sauti ya kawaida kabisa. Mche wenyewe ni mkongwe katika nchi hii. Wazungu waliopita Unyamwezi katika miaka ya 1850 waliandika juu ya watu wanaovuta bangi kwa vibuyu vya maji, wakikohoa na kucheka. Tumbaku nayo ilikuwepo, vibarazani pamoja nayo. Yalikuwa majani mawili ya kibaraza kimoja. Si kwamba namtetea yeyote. Nimeona vijana walioharibikiwa na bangi, na nimemzika mjomba aliyeuawa na sigara.

Siku iliyofuata nilikwenda Katumba, halmashauri ya Nsimbo. Makazi haya yalifunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walipewa msitu, shoka na jembe. Wakafyeka, wakalima mahindi, mihogo, maharage, kisha tumbaku, na kwa zaidi ya miaka thelathini wakaishi kama wageni kwenye ardhi waliyoifungua wenyewe. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora walianza kukabidhiwa hati za uraia. Mzee aliyenipokea alikuwa ameitunza yake ndani ya bahasha ya plastiki, ndani ya mfuko wa shati, ndani ya sanduku.

Kila boma lina bani lake la kukaushia tumbaku. Ni nyumba ndefu kwenda juu, ya matofali ya kuchoma, haina dirisha, imekandikwa udongo kila ufa. Chini kuna tanuri na mabomba ya bati yanayopitisha joto. Pembeni kuna rundo la magogo lililonizidi kimo, na kuni hizo ni miombo ile ile niliyoipita njiani. Mikataba ya tumbaku inawataka wapande miti, na wanapanda. Niliiona mikaratusi myembamba nyuma ya nyumba. Bado hailingani na rundo.

Ghala la chama cha msingi lilikuwa katika siku ya soko. Marobota yamepangwa mistari sakafuni, yameshonwa kwa gunia la juti, kila moja limefunguliwa mdomo. Ndani hakukuwa na kelele nyingi, watu walikuwa wanasikiliza. Mteuzi wa madaraja alitembea mstari wa kwanza, akasimama, akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa fungu kutoka tumboni mwa robota na siyo la juu lililopangwa vizuri. Jani lilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, mishipa yake kahawia. Akalikunja kwa vidole viwili, akalinusa, akaliinua kwenye mwanga wa mlango. Akaandika daraja kwenye tiketi, akaitupia juu ya robota, akasogea. Ilichukua muda wa pumzi mbili. Nyuma yake mwenye mali alipiga hatua, akasoma tiketi, akafumba mdomo. Bei ilihesabiwa kwa dola ya Marekani kwa kilo. Mbolea na dawa walizokopa zinakatwa hapo hapo. Halmashauri inachukua ushuru wake wa mazao, ambao mwaka 2017 ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Nsimbo haiwezi kuhalalisha wala kuharamisha mmea, lakini asilimia hiyo inaijua vizuri.

Nilikaa na mama mmoja aliyekuwa na marobota matatu. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu, weusi usiotoka kwa sabuni moja.

"Mwanangu, redioni walisema Malawi wameanza kulima ile nyingine. Kweli?"

Nikamwambia ni kweli, Bunge lao lilipitisha sheria Februari 2020, na Malawi ni watu wa tumbaku kama wao. Zimbabwe ilitangulia mwaka 2018.

"Anayetaka kulima anafanyaje?"

Analipia leseni, nikasema. Zimbabwe walianza kwa dola 50,000.

Aliinama akacheka hadi mwenzake akageuka kutazama. Akanitajia robota lake la kwanza limeshuka daraja kwa sababu ya madoa, akataja na deni la mbolea. Mifuko aliihesabu kwa vidole, mmoja mmoja.

"Basi hiyo si ya jembe la mkono," akasema. "Hata wakiiruhusu hapa, atakuja mtu na trekta, atatuajiri tuchume." Akatazama mteuzi anavyokaribia mstari wake. "Na daraja atatupangia yeye."