Boti ya Usharika na Ubao wa Nyuma

Kwa miaka mingi usharika wetu ulikodi mitumbwi kwenda kuwahudumia Wakristo wa visiwani, upande wa Muleba, katika Ziwa Victoria. Mara nyingine Meza ya Bwana iliahirishwa kwa sababu mtumbwi umechukuliwa na mfanyabiashara wa dagaa aliyelipa zaidi. Kwa hiyo tuliposikia kuna boti ya faiba inauzwa, futi 19, iliyokuwa ikitumika kwa matembezi, tulifurahi sana. Fedha ilipatikana kwenye minada baada ya ibada: mikungu ya ndizi, mayai, kuku. Jogoo wa mama mmoja mjane alinunuliwa akarudishwa mnadani mara tatu.

Sisi, mchungaji na wazee watatu, tulitumwa kuikagua. Tulikalia viti, tukapiga picha, injini ya farasi 40 ikawaka. Mzee mmoja alishauri tumwite kwanza fundi wa mwaloni. Tulikataa. Tulisema atataka posho. Ukweli ni kwamba tuliona aibu kuonekana hatujui kitu.

Boti ilipofika tukaanza kuiboresha. Tuliipaka rangi nyeupe na buluu, tukashona viti upya, tukaweka turubai la kivuli, tukaandika jina la usharika ubavuni. Jumapili ya kuiweka wakfu tuliwatangazia washarika kwamba ni nzima kabisa.

Baada ya wiki mbili fundi alikuja kubadilisha mpira wa pampu ya injini, ule unaosukuma maji ya kupoza, maana injini ikikaa muda mrefu mpira huo hukakamaa. Alipomaliza hakuondoka. Aligongagonga ubao wa nyuma unaobeba injini kwa mpini wa nyundo. Pembeni ulilia mkavu. Katikati ulilia kama boga bovu.

"Baba Mchungaji, umesikia?"

Alitoboa tundu dogo, maji ya kahawia yakatiririka. Akatueleza kwamba waliotangulia waliwahi kuhamisha injini, wakaacha matundu ya bolti bila kuyaziba vizuri. Maji yaliingia polepole, plaiwudi ikaozea ndani, faiba ikabaki nzima nje. Nyufa ndogo ambazo zingetuonya tulikuwa tumezipaka rangi. Tukibeba watu wengi, mawimbi yakipiga, injini ingeng'oka na ubao wake na maji yangeingia kwa nyuma.

Hakuna aliyejibu. Watu wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, mamia wakafa. Na Jumamosi ileile tulikuwa tumepanga kuwavusha watoto wa kipaimara.

Safari tuliifuta. Ila mmoja wetu alipendekeza tutengeneze kimyakimya, washarika wasisumbuliwe. Wazo hilo tulilipenda wote.

Jioni ile darasa la kipaimara lilikuwa kwenye fundisho la Ubatizo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anafundisha kwamba mtu wa kale aliye ndani yetu azamishwe kila siku kwa majuto na toba. Mtoto mmoja akauliza, "Kwa nini kila siku, na tulishabatizwa?" Tulimjibu vizuri, kama tulivyofundishwa chuoni. Usiku hatukulala.

Jumapili, wakati wa matangazo, tulisimama wote wanne mbele. Tulisema tulikataa fundi kwa kiburi, tukatangaza tusichokijua, na sadaka zao tukazifanya rangi. Yule mama wa jogoo akainuka.

"Baba, watoto wangepanda lini?"

"Jana, mama."

Akaketi. Hakuongeza neno.

Wapendwa, wengi wetu tunaishughulikia imani yetu kama tulivyoishughulikia boti. Tunashona viti na kuandika jina ubavuni, na panapooza tunapapaka rangi. Toba ni kukubali kugongwa pale tusipopenda pasikike. Wala tusiogope, kwa maana fundi alipoona uozo hakusema boti itupwe. Aliukata, akauondoa wote, akaacha jua likaushe, ndipo akaweka ubao mpya. Mungu naye hatufunui ili atutupe. Kwa ajili ya Kristo ametupokea tayari, ndiyo maana tunaweza kuthubutu kuonyesha palipooza.

Turubai tuliliuza, tukanunua jaketi okozi. Viti vipya bado vipo, ila hakuna anayevisifu. Mwezi wa tatu tuliwavusha watoto, na yule mama alikuja mwaloni kuwaaga. Kabla ya sala alimwomba fundi nyundo, akagonga ubao wa nyuma mwenyewe, kutoka pembe hii hadi pembe ile. Sisi tulinyamaza tukisikiliza pamoja naye.