Nilimuua Bibi Nyota bila kurusha dadu

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu kutafuta kazi bila diploma, lakini nimeona hilo wengi mtaliandika vizuri kuliko mimi. Acha niandike kuhusu mchezo, na kuhusu bibi mmoja niliyemuua ambaye hajawahi kuwepo duniani.

Kwa wale ambao hawajafika kwenye Jumamosi zetu hapa Remera: tuko sita, siku nyingine wanane, tunakaa kwenye baraza nyuma ya chumba cha fundi cherehani, upande wa Giporoso. Kila mtu analeta faranga mia mbili za mandazi. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, wa Gary Gygax na Dave Arneson. Hauhitaji umeme. Kila mchezaji anatengeneza mtu wake na kumwandika kwenye karatasi: jina, kazi, nguvu zake, udhaifu wake. Mmoja wetu anakuwa msimamizi. Huyo ndiye anaeleza dunia ilivyo, ndiye anasema kwa midomo ya wafalme, walinzi, wezi, hata mvua inanyesha akitaka yeye. Wewe unasema unachotaka kufanya, na kama haijulikani utaweza au hutaweza, dadu ya pande ishirini ndiyo inaamua. Sheria za msingi ziko bure kwenye intaneti. Dadu tuliachiwa na mtu aliyekuja kujitolea kufundisha Kiingereza, seti ya saba. Ile ya pande nane ilipotea, kwa hiyo tuko na vikaratasi nane ndani ya kikombe cha plastiki.

Msimamizi ni mimi. Na nilikuwa mkali.

Sisemi mkali wa kupiga kelele. Nilikuwa mkali wa kuua. Katika miezi sita ya kwanza waliokufa kwenye meza yangu ni wahusika kumi na mmoja, nilikuwa nawahesabu kwa vijistari nyuma ya daftari na, niseme ukweli, nilikuwa najivunia. Nilisoma kwenye simu kuhusu Tomb of Horrors, kaburi ambalo Gygax aliliandika ili kuwapima wachezaji hodari waliojiona hawashindwi. Lilichezwa kwenye mashindano ya Origins mwaka 1975, likachapishwa 1978. Mle ndani kuna sura ya shetani wa kijani ukutani, mdomo wazi, giza tupu. Anayeingia mdomoni ameisha. Hakuna kurusha dadu, hakuna bahati. Nilipenda sana hiyo sura. Nikasema huyu mzungu kumbe anaijua dunia.

Maana mimi nilikuwa na falsafa yangu. Nilivuka mpaka Novemba 2012, Goma ilipoanguka, nikiwa na miaka tisa. Mtu mmoja pale mpakani aliangalia karatasi ya mama, akairudisha, akasema hapana. Mama akangoja, zamu ikabadilika, mtu mwingine akaangalia karatasi ileile, akasema pita. Karatasi ileile! Tangu siku hiyo nilijua dunia haina sheria ya kukulinda. Kwa hiyo nilipokaa kwenye kiti cha msimamizi nilisema sitawadanganya vijana wenzangu kwa hadithi za watoto. Kama wanataka joka la kufugwa waende kuangalia katuni.

Bon, sasa Bibi Nyota.

Alikuwa mhusika wa dada mmoja ambaye alizaliwa kambi ya Gihembe. Kambi ilipofungwa 2021 familia yake ilihamishiwa Mahama, halafu yeye akaja Kigali kutafuta maisha. Anasuka nywele Kisimenti. Sisi wengine tulitengeneza wapiganaji wenye misuli na mapanga mawili mawili. Yeye akatengeneza mganga wa miaka sabini na mbili, goti moja bovu, mwenye kijiko cha mbao ambacho hataki mtu akiguse. Miezi minne Bibi Nyota alizunguka na sisi. Alitibu wenzake, aligombana na mfalme kuhusu bei ya chumvi, alimlazimisha jambazi mmoja aende kumsalimia mama yake. Hata fundi cherehani alikuwa anazima mashine ili amsikie.

Jumamosi ile walifika kwenye daraja. Upande huu wanafukuzwa, upande ule kuna usalama, katikati kuna mlinzi. Na mimi usiku wa kuamkia siku hiyo, nikiwa kitandani, nilikuwa nimeshaamua kwamba hapa hapiti mtu.

Bibi Nyota alizungumza na mlinzi. Nikasema hapana. Akatoa barua ya mfalme. Nikasema mlinzi hajui kusoma. Akatoa dhahabu yote ya kikundi. Nikasema mlinzi anaichukua, halafu anasema hapana. Akaeleza kwamba ana wagonjwa wawili nyuma. Mlinzi anacheka. Akauliza, "Yaya, naweza kurusha dadu nimshawishi?" Nikasema hakuna haja. Halafu nikasema wenye pinde wametokea juu ya ukuta, na Bibi yuko mbele.

Sheria zinasema mtu akiishiwa nguvu mpaka sifuri hafi papo hapo. Kila zamu yake anarusha dadu: kumi na kwenda juu ni vizuri, chini ya kumi ni vibaya. Akipata vizuri mara tatu anatulia, vibaya mara tatu anakufa. Hata hiyo sikumpa. Nilisema mishale ni mingi, amekufa. Halafu nikaongeza, Mungu anisamehe, "Ndiyo maisha."

Yule dada hakulia wala hakubisha. Alikunja karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mkoba pamoja na vitana vyake, akasema, "Asante, yaya. Nimeshazoea." Akaondoka kabla ya mandazi.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili pia wapi. Mimi nikaogopa, na mtu akiogopa anakimbilia upande wa pili. Nikawa laini kama uji. Nilianza kuficha dadu nyuma ya daftari na kusema namba za uongo. Joka linarusha moto, linakosa. Linarusha tena, linakosa tena. Jitu linateleza kwenye tope. Nilifikiri wanafurahi, mpaka kadogo wetu mmoja wa miaka kumi na tano akanyoosha shingo juu ya daftari. "Yaya, imetoka kumi na tisa. Umesema nne." Kimya. Halafu akasema, "Hata huku tunapewa msaada?"

Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Kumbe nilipokuwa naua ovyo na nilipokuwa naokoa ovyo walikuwa wamekaa palepale: mikono mitupu, wanasubiri kusikia nimeamua nini juu yao.

Wiki hizohizo niko na barua nyumbani. Sitasema ya ofisi gani, wengi wenu mmepata za namna hiyo. Tulingoja muda mrefu, mahojiano matatu, mama anaulizwa tarehe zilezile kwa mpangilio tofauti. Jibu lilikuwa na mistari miwili. Hakuna sababu. Mama aliniambia nimsomee tena, labda nimeruka kitu. Nikamsomea mara tatu. Akasema, "Lakini hawajaandika tulikosea wapi." Kama wangeandika "mlikosea hapa" angelia, angekasirika, halafu angelala. Bila sababu alikaa macho, anapitia maneno yake yote ya mahojiano moja moja, anatafuta lile lililotuponza.

Ndipo nilipoenda Kisimenti.

Nilimkuta anasuka, mteja kichwa nusu tayari nusu bado. Nikasimama mlangoni kama mdeni. Nikasema nimekuja kwa ajili ya Bibi.

"Nani amekufa?" mteja akauliza.

"Bibi yangu," dada akamjibu, bila kuacha kusuka.

"Woo, pole sana jamani."

"Asante. Huyu hapa ndiye alimuua."

Ilibidi nieleze mchezo wote kwa mama wa watu ambaye hakuweza kugeuza kichwa. Alinisikiliza kwenye kioo kwa macho makali sana. Nilipomaliza, dada akaniambia hivi, na nayaandika jinsi nilivyoyashika: "Sikukasirika kwa sababu alikufa. Ana miaka sabini na mbili na goti bovu, nilijua ipo siku. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa umeshaamua kabla sijafungua mdomo. Ukaniacha naongea. Nimetoa barua, nimetoa dhahabu, nimeeleza wagonjwa, na wewe unanisikiliza tu kama mtu anayesikiliza. Ungenipa hata dadu moja. Ningepata mbili, ningekufa na mbili yangu."

Nikamwambia sheria zina dawa ya kufufua, tunaweza kumrudisha. Akakataa palepale. "Hapana, yaya. Amekufa. Usimrudishe kwa sababu unaona aibu." Akavuta uzi mwingine. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Alizikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye hadithi yangu wenzake walikimbia, mwili ulibaki darajani, mimi nikaendelea na sura inayofuata. Mteja akasema, "Ehe, alizikwa wapi?"

Niseme kidogo na ninyi wa mashirika, maana najua mnatusoma. Michezo ya kuonja mateso ipo. UNHCR wenyewe walitoa mmoja mwaka 1995, unaitwa Passages, ambapo washiriki wanakuwa familia zinazokimbia. Uliandaliwa kwa watu ambao hawajakimbia, na kwao naona una maana: mtu anayelala vizuri acha abanwe dakika kumi apate kuelewa. Lakini nimewahi kukaa kwenye semina ambapo tuliwekewa zoezi la kugawanywa na "askari" wa kuigiza, sisi wenyewe, na mwezeshaji akatuuliza tumejifunza nini. Rafiki yangu alijibu, "Kwamba wewe hukufika." Na mimi mwenyewe niliyecheka siku ile ndiye nilikuja kujenga daraja lenye mlinzi kwa msichana wa Gihembe.

Usiku huo nilirudi kusoma tena lile kaburi la Gygax, safari hii polepole. Na nikaona kitu nilichokuwa nimekiruka. Kwenye njia ya kuingilia, sakafuni, mwenye kaburi, Acererak, ameacha maandishi. Ni mafumbo, ni ya kejeli, lakini yapo, na anayeyasoma vizuri anapata njia. Mchawi mfu aliyejenga mtego wa kuua kila mtu aliacha ujumbe sakafuni. Mimi sikuacha hata neno.

Jumamosi iliyofuata alikuja. Hatukupigana na mtu siku hiyo. Wahusika wote walirudi mtoni usiku kuchukua mwili. Nikawaambia wazi kabla hawajaanza: walinzi wako wanne, mwezi unawaka, mkifanya kelele mtaonekana, na mkionekana naweza kuwaua. Mnaenda? Wakaenda. Dadu zote nilirusha katikati ya meza, karibu na sahani. Mpiganaji wa yule fundi simu alionekana, akapigwa mshale, akafika sifuri. Alirusha mara yake ya kwanza, vibaya. Ya pili, vibaya. Watu wamesimama, fundi cherehani amesimama, mandazi yamepoa. Ya tatu ikatoka kumi na nne, na kabla ya zamu iliyofuata mwenzake alikuwa ameshamburuta mpaka kwenye matete na kumfunga damu.

Kisha wakamzika Bibi Nyota. Nilifikiri ni dakika tano. Ilichukua karibu saa mbili. Walibishana kuhusu mahali: mmoja anasema chini ya mti, mwingine anasema mti unaweza kukatwa, tuweke jiwe. Kadogo akauliza kama tunaweza kuchora alama kwenye ramani, ramani yetu ni nyuma ya kalenda ya zamani, ili mtu akija baadaye apaone. Akachora. Yaya fundi simu, ambaye huwa haongei mambo ya kwao, alisema maneno ya mazishi kwa Kihunde, na hakuna aliyemwomba atafsiri. Karibu kila mtu kwenye baraza lile ana mtu ambaye hajui amelala wapi. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Kijiko cha mbao hawakukizika. Kilipita mkono kwa mkono, mwisho kikabaki kwa yule jambazi aliyemsalimia mama yake.

Giza lilikuwa limeshaingia, mwenye baraza anataka kufunga. Dada akatoa karatasi mpya kwenye mkoba, nyeupe kabisa, akaomba kalamu. Nikamuuliza safari hii anatengeneza nani. Akaandika kwanza, akaifunika na mkono kama mtoto wa shule, halafu akanionyesha. Mlinzi wa daraja, ameacha kazi jana.

"Huyu anaanza na pointi ngapi, yaya?"

Nikasema sijui, haimo kwenye sheria, turushe. Akachukua dadu, akazipuliza.