Nafasi Isiyobandikwa Ukutani

Nilipoanza kufundisha elimu ya viumbe vya baharini Dar es Salaam, nafasi za utafiti hazikubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Zilipita midomoni. Mkuu wa mradi humnong'oneza mwenzake kwamba anatafuta vijana wawili, na mwenzake huwataja wale anaowajua. Mtoto aliyetoka Nachingwea au Kibondo, asiye na wa kumtaja, alihitimu hajashika sampuli nje ya maabara ya kujifunzia.

Nikawa napita ofisi moja baada ya nyingine kuuliza nani anahitaji msaidizi, kisha natangaza darasani. Ugumu ulikuwa kwenye barua za maombi. Binti mmoja wa mwaka wa pili aliniletea kurasa mbili: amejieleza tangu shule ya msingi, mwishoni anaomba "nafasi yoyote itakayopatikana".

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe mwenyewe unataka kujua nini?"

Kumbe alikuwa amesoma kazi za Profesa Keto Mshigeni, aliyeuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, kabla kilimo cha mwani cha biashara hakijaanza Zanzibar mwaka 1989. Binti alitaka kujua kwa nini mwani wa aina ya kotonii, wenye bei nzuri kuliko ule wa spinosamu, hufa maji yanapopata joto. Tukaandika hilo tu, pamoja na wiki ambazo hana mitihani. Akaitwa Paje, Zanzibar.

Huko alikabidhiwa kipimajoto, mizani ya kuning'iniza na daftari. Wakulima wa mwani huingia shambani maji ya bamvua yakipwa, naye akafuata saa zao. Bibi mmoja akamwonyesha tawi linaloanza kuwa jeupe, siku chache kabla halijakatika. Kupima na kuandika vile kila siku ndio utafiti wenyewe. Anayebebeshwa ndoo tu, kisha ripoti itoke bila jina lake, amedhulumiwa, na jambo hilo nimeligombania katika kila kikao nilichokaa.

Nimegombania nauli pia. Miradi mingi hutaka mwanafunzi alipe mwenyewe boti na daladala, arudishiwe baadaye kwa risiti. Anayeishi kwa mkopo atazitoa wapi pesa hizo? Wapo vijana hodari waliokataa safari wakisema wanaumwa, kwa kuona haya kutamka kwamba hawana pesa. Kwa hiyo kabla sijampeleka mtu kwa mkuu yeyote wa mradi, huuliza kwanza nauli inatoka fungu gani na italipwa lini.