Bembelezi za Ngao na Kiwambo cha Samawati

Neno kiwambo lilikuwa na kazi zake kabla ya ujio wa tarakilishi. Kiwambo ni ngozi iliyowambwa kwenye mdomo wa ngoma, au kitu chochote kilichotandwa na kukazwa. Wanaistilahi walipohitaji jina la uso ambapo maandishi ya mashine hutokea, walilitwaa neno hili, na kwa maoni yangu hapo walipatia, tofauti na mzozo wa ngamizi, tarakilishi na kompyuta waliotuachia, ambao haujaisha hadi leo. Nimelitafakari neno hili zaidi ya nilivyotarajia, kwani kwa takriban wiki sita, kati ya Februari na Machi 2025, kiwambo cha kipakatalishi changu kiligeuka samawati mara 31 nikiwa katika Delta ya Mto Tana, nikinukuu bembelezi za Wapokomo.

Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa umuhimu wa bembelezi. Itoshe kukumbusha kwamba wimbo wa taifa wa Kenya, ulioandaliwa mwaka 1963, ulipata sauti yake kutoka katika wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Kila siku ya Mashujaa taifa zima husimama wima kwa sauti iliyokusudiwa kumlaza mtoto mchanga, na sijui kama kuna utanzu mwingine wa fasihi simulizi uliopandishwa cheo kiasi hicho. Lakini mbali na sauti hiyo moja, zipo bembelezi nyingi ambazo hazijawahi kuandikwa popote, na wanaozijua wanazeeka. Tasnifu yangu inahusu hizo.

Mtambaji wangu mkuu alikuwa bibi wa umri wa miaka themanini na kitu, mkaazi wa Ngao, si mbali na mji wa Garsen. Alijua nyimbo ambazo binti zake hawakuzijua, na muhimu zaidi, alijua maana za maneno ambayo hata vijana wanaozungumza Kipokomo kila siku huyasikia kama milio tu. Alikuwa anaumwa. Mwanawe alikuwa amekwisha kupanga kumpeleka Mombasa kwa matibabu mwishoni mwa Machi, na hakuna aliyeweza kusema atarudi lini. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa na mpaka: kila nilichonukuu nilipaswa kumsomea na kumchezea upya, aya kwa aya, ili asahihishe kabla ya safari hiyo.

Mzee mmoja wa Ngao, nilipokwenda kujitambulisha, aliniuliza swali moja tu: “Zikishaingia humo, zitakaa wapi?” Halikuwa swali la bure. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ilichukuliwa na watawala Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa zaidi ya miaka 100 imekuwa ikihifadhiwa katika ghala la jumba la makumbusho mjini London. Watu waliopokonywa ngoma yao wana haki ya kuuliza sauti zao zinakwenda kulala wapi. Nilimjibu kwamba nakala zitabaki Ngao pia. Wiki mbili baadaye mashine iliyobeba ahadi hiyo ikaanza kuanguka.

Ilianguka kwa namna ile ile. Tungekuwa barazani, mimi nikichezesha ubeti, Bibi akiwa amefumba macho anasikiliza sauti yake mwenyewe, kisha sauti ingekwama kwenye silabi moja kama mtu mwenye kigugumizi, kiwambo kingegeuka samawati, na mashine ingejizima na kujiwasha yenyewe. Mara ya kwanza Bibi alifumbua macho akauliza kulikoni. Nilipomweleza, alicheka. “Mwanangu, wimbo wa kulaza mtoto unamwimbia mtu mzima mchana kutwa, unategemea nini? Amelala.” Tangu siku hiyo kila ilipozimika alisema tu, “Amelala tena,” akaomba maji. Lakini kadiri siku zilivyopita alikuwa akichoka upesi zaidi, na dakika kumi za kusubiri mashine iamke zilikuwa dakika kumi zilizotolewa katika nguvu zake.

Inafaa kueleza kiwambo hicho ni nini, maana wengi hukichukulia kuwa ndicho ugonjwa. Kimekuwepo katika mifumo ya Windows NT tangu 1993, na kazi yake ni ya ulinzi. Kiini cha mfumo kinapokuta jambo ambalo hakiwezi kulitatua, mathalani kinaposoma mahali pa kumbukumbu na kukuta kisichotarajiwa, huchagua kusimamisha kila kitu kuliko kuendelea na kuharibu kazi iliyohifadhiwa. Kabla ya kuzima huandika namba ya kosa pamoja na faili ndogo ya ushahidi. Rangi yenyewe haina maana yoyote; mwaka 2025 kampuni ya Microsoft ilianza kukigeuza kiwe cheusi katika Windows 11. Changu kilibaki samawati.

Garsen hakuna uhaba wa mafundi wa simu, ila mafundi wa tarakilishi ni wachache. Nilielekezwa kwa kijana mmoja mwenye kibanda Minjila, njia panda ya kwenda Lamu. Kabla ya kuigusa mashine aliniuliza: “Dada, inaganda, inagoma, au inajizima?” Nilidhani ni visawe. Kumbe kwake kila kitenzi kina ugonjwa wake. Kuganda ni picha kubaki pale pale bila kusonga, na mara nyingi ni programu moja iliyolemewa. Kugoma ni kukataa kuwaka. Kujizima ni kukatika ghafla bila neno, na hapo hushuku joto au umeme. Yangu haikuwa katika hayo matatu, kwa kuwa ilisema kitu kabla ya kuanguka. “Basi hiyo inakufa ikiongea,” akasema. “Tusikilize inasema nini.” Nimehudhuria semina za semantiki zilizonifunza kidogo kuliko swali lile.

Alinitaka niweke daftari: saa, nilichokuwa nikifanya, kama mashine ilikuwa kwenye chaji, na namba ya kosa. Kazi hiyo sikuiona ngeni. Mtu aliyezoea kulinganisha matoleo ya wimbo mmoja kutoka vijiji vitatu anajua kuandika tofauti bila kuharakisha hitimisho.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa joto. Garsen ni mji wa jua kali na vumbi jekundu, na vumbi hilo likikutana na unyevu wa mtoni huwa tope kavu ndani ya feni. Tulifungua kifuniko cha chini na kuisafisha kwa brashi laini. Joto la kichakataji lilipungua kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, siku iliyofuata mashine ilianguka saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimejifunika shuka kwa baridi. Joto likaachwa huru.

Wa pili alikuwa dereva, yaani programu ndogo inayounganisha mfumo na kifaa, na kwangu ilikuwa ile ya kinasa sauti. Shuku hii ilikuwa na mantiki, kwa kuwa mashine ilianguka zaidi wakati wa kuchezesha sauti. Isitoshe, tarehe 19 Julai 2024 faili moja yenye kasoro katika sasisho la kampuni ya CrowdStrike iliangusha takriban mashine milioni 8.5 duniani kwa kiwambo hiki hiki. Tuliiondoa dereva ile. Mashine ikaanguka tena jioni yake.

Hapo ndipo daftari lilipotoa hoja. Kijana yule alipitisha kidole kwenye safu ya namba akasema hazifanani. Dereva mbovu, alieleza, kwa kawaida hurudia kosa lile lile, kama shahidi mwongo aliyekariri. Zangu zilikuwa za aina tano au sita, ingawa 0x1A, namba ya hitilafu katika usimamizi wa kumbukumbu, ilijitokeza zaidi ya nyingine. Makosa yanapobadilika-badilika bila mpangilio, huenda kinachoharibika ni kile ambacho kila programu hukitumia. Alishuku rami, zile kadi za kumbukumbu ya muda. Na sauti ilihusika kwa sababu rahisi: programu ya unukuzi ilipofungua rekodi ndefu kadhaa, ilijaza kumbukumbu hadi kufika sehemu iliyooza.

Kabla ya kuthibitisha alinikataza kunakili chochote kwa kutumia mashine ile. Sababu yake ndiyo iliyoninyima usingizi. Kila faili inaponakiliwa hupita kwenye rami kwanza; rami ikiwa mbovu, nakala inaweza kupotoka bila onyo lolote. Alichomoa diski, akaitia katika kasha la nje na kuiunganisha na mashine nyingine, kisha tukalinganisha rekodi zangu 63 na zile za asili zilizobaki kwenye kadi za kinasa sauti, kwa kukokotoa alama ya utambulisho ya kila faili. Sitini na moja zilioana. Mbili hazikuoana, ingawa ukubwa wake ulikuwa sawa na zilicheza vizuri hadi mwisho. Nilizisikiliza mara tatu bila kutambua palipoharibika. Niliona afadhali faili inayokataa kufunguka kuliko ile inayofunguka ikiwa na uongo ndani.

Kipimo cha rami kilihitaji usiku mzima, na umeme wa usiku mzima si jambo la kuahidiwa. Tulikifanya kibandani kwake, penye sola na betri. Mzunguko wa kwanza ulipita salama, wa pili pia. Wa tatu ukaleta makosa. Mashine ilikuwa na kadi mbili za gigabaiti 4 kila moja. Tulipima moja moja, kisha tukabadilishana nafasi zake, ili isije ikawa ubovu ni wa tundu wala si wa kadi. Kadi moja ilitoa makosa katika matundu yote mawili. Ikatolewa. Nyingine ililetwa na basi kutoka Malindi, zaidi ya kilomita 100, baada ya siku nne.

Kiwambo hakijageuka samawati tangu hapo. Rekodi mbili nilizirudisha kutoka kwenye kadi za asili. Unukuzi haukuwa na asili ya kurudia, na katika faili moja nilikuta beti mbili zimegeuka herufi zisizosomeka. Sauti ya beti hizo ninayo. Nilichokuwa nimepoteza ni maelezo ya Bibi kuhusu neno moja ambalo hakuna mwingine Ngao aliyeweza kulifasiri, na wakati huo alikuwa amekwisha kuondoka.

Nilimpigia simu Mombasa. Mwanawe alimshikia simu sikioni. Nilimsomea ubeti, nikauliza lile neno. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika, kisha akaimba ubeti mzima kwa sauti ndogo, na mahali pa neno lile akatia jingine.

“Bibi, mwezi wa pili uliimba hivi,” nikamwambia, nikalitaja la kwanza.

“Hilo ni la mtoto wa kiume,” akajibu. “Wewe hukuuliza.”

Msimamizi wangu ameshauri nichapishe matoleo yote mawili ukurasa mmoja. Diski yenye rekodi 63 na unukuzi wake niliipeleka Ngao mwezi Mei, kwa yule mzee. Aliipima uzito kiganjani, akauliza kama itahitaji chaji, kisha akaifunga kwenye kitambaa na kuiingiza sandukuni.